Ni Kweli Nilimposa Mama Badala ya Binti, Ila Sikupiga Magoti

Nianze na la magoti, maana ndilo linalozunguka kwenye magrupu tangu Jumapili usiku. Sikupiga magoti. Nilisimama wima, kofia kichwani, bahasha mkononi, nikamwomba mzee wa watu atupe mkewe. Hayo mengine ni viungo alivyotia shemeji yetu mmoja. Simtaji, anajijua, na chaja yangu bado anayo.

Kwa mliochelewa: mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anaoa Morogoro. Wazee wakakaa kikao wakanichagua niwe mshenga. Sababu? Nafundisha saikolojia chuoni, na muhula huu nina somo zima la kumbukumbu. "Huyu hawezi kusahau kitu," wakasema. Nami nikakubali, nikashona na kanzu.

Majina nimeyabadilisha, lakini miisho yake nimeiacha kama ilivyo kwa sababu ndiyo iliyoniua. Binti tumwite Naima. Tangu uchumba wao uanze sijawahi kumwita Naima hata mara moja. Mdogo wangu humwita Ticha, kwetu wote ni Ticha, kwenye simu yangu ni "Shem Ticha". Najua anafundisha Kemia, najua hali mbuzi, najua kwa nini aligombana na fundi wake wa nguo mwezi wa Ramadhani. Jina sasa.

Na hili si langu peke yangu, msijifanye. Mwaka 1986 Waingereza wawili, Vicki Bruce na Andy Young, walieleza mpangilio huo: ukimwona mtu, ubongo hutambua sura kwanza, halafu huleta habari zake, na jina huja mwisho kabisa, likija. Ndiyo maana unaweza kukutana na mtu sokoni ukajua mlisoma wote, alikaa dawati la nyuma, baba yake alikuwa na tela, na bado unamwita "kamanda". Jina halina pa kushikia. Nikikwambia jamaa huyu ni mganga, hapohapo unaona tunguli, wateja na kuku mweusi. Nikikwambia anaitwa Bwana Mganga, umepata sauti tu. Neno ni lilelile, ila likiwa kazi linakaa, likiwa jina linateleza.

Hatari niliijua, kwa hiyo kuanzia Chalinze, mshikaki mkononi, nikaanza kulirudia kimoyomoyo. Naima, Naima, Naima. Mpaka Mikese bado Naima. Sasa hapa ndipo wanafunzi wangu wanaposoma haya wakitabasamu, maana nimewafelisha wengi kwa swali hili. Kurudia neno namna hiyo hulishikilia tu kwenye sauti ya ndani, hakulipandi. Lipo maadamu unalitaja. Ukikatizwa, sekunde chache linakwenda. Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson, kule Indiana, Marekani, waliwapa watu herufi tatu tu za kushika, kisha wakawaambia wahesabu kinyumenyume kwa tatutatu. Baada ya sekunde 18 herufi karibu zote zilikuwa zimeyeyuka.

Tumefika getini, baba mdogo ananikabidhi bahasha. "Hesabu, mwanangu, tusije tukaaibika."

Noti za elfu kumi kumi. Nikahesabu. Akaniambia nihesabu tena.

Wale Peterson wangekuwepo wangenishika mkono.

Ndani, mkeka, viatu nje, udi mpaka macho yanawasha. Mjomba wa binti akasimama kufanya utambulisho: huyu baba mkubwa, huyu shangazi, huyu jirani aliye kama ndugu. Na kwa heshima zote, "mama mzazi, Bi. Halima." Nikamwamkia vizuri sana. Akaniitikia marahaba. Ha-li-ma. Silabi tatu, mwisho -ima, na ndilo jina la mwisho la kike kuingia sikioni mwangu.

Nikaanza. Jamani, mwanzo nilikuwa mzuri, hata huyo mzushi hakatai. Tulikuwa tukipita njia, tukavutwa na harufu, tukaona bustani, ndani yake ua limechanua. Wanawake wakapiga vigelegele. Mjomba akajibu kama desturi:

"Bustani yetu ina maua mengi, mshenga. Mmekuja kwa ua lipi? Litaje."

Feni ya dari ilikuwa inalia kek, kek, kek.

Sura ya Ticha ilikuja papo hapo. Koti jeupe la maabara likaja. Fundi wa nguo akaja. Jina hakuna. Na si kwamba sikulijua, nilikuwa naligusa kwa ncha ya ulimi. Hali hii Roger Brown na David McNeill waliipima mwaka 1966: mtu hashiki neno, lakini anajua vipande vyake, na zaidi ya nusu ya mara hata herufi ya kwanza huipatia. Mimi nilipata mkia. Silabi tatu, inaishia na -ma. Dada zangu, nusu yenu mnaishia na A, msaada wenyewe ndio huo.

Kek, kek, kek.

Nikazidi kutafuta, na hilo ndilo kosa. Ukitafuta neno lililokwama, linalofanana nalo ndilo linajitokeza, na kila likijitokeza linapata nguvu na kuliziba lile la kweli. Ongeza jasho. Mtu akikaa na hofu, homoni ya kotisoli hupanda taratibu, nayo huzuia kuchota kumbukumbu hata ile uliyoihifadhi vizuri. Nami nilikuwa nimekaa na hofu tangu getini.

"Mshenga," mjomba akasema, "ua halina jina?"

Mtu akakohoa. Baba mdogo, Mungu amweke, akaninong'oneza nyuma ya shingo. Nikasikia "...ima". Hiyo tu. Ndani ya kichwa changu kulikuwa na -ima moja tu iliyovaa nguo na kusimama mlangoni.

"Tumekuja," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyepona, "kumposa Bi. Halima."

Ningenyamaza hapo labda ingechukuliwa kuwa ulimi umeteleza. Sikunyamaza. Nilikuwa nimefurahi mno kupata jina. "Kijana wetu amempenda kwa muda mrefu," nikaendelea, "na bibi mwenyewe ameridhia. Wamekuwa wakiwasiliana."

Mzee akavua miwani. Akaifuta kwa upindo wa kanzu, kioo kimoja, kisha cha pili. Akaivaa. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Mshenga, huyo yumo ndani ya ndoa mwaka wa 31. Mume wake ni mimi."

Aliyeanza kucheka alikuwa nyuma ya pazia, na ni Ticha mwenyewe.

Basi, tukapigwa faini, 50,000 na kreti mbili za soda, barua ikapokelewa, pilau likaliwa. Jina lilinijia wakati nanawa mikono, bila kuliita, maana nilishaacha kulitafuta na kizibo kikalegea. "Naima!" nikapaza sauti. Kijana mwenye birika akanijibu, "Yuko ndani, nikuitie?"

Mnaouliza kwenye meseji nilitakiwa kufanya nini: si kurudia, bali kujijaribu. Sikia jina, litaje, kisha fanya jambo jingine dakika mbili, halafu lichote bila kuangalia popote. Ukilipata, ngoja robo saa, jaribu tena. Kisha saa nzima. Nafasi ziwe zinaongezeka, na kila mara ulitoe kichwani mwenyewe, usisomewe. Mbinu ya nafasi hizo ilijaribiwa kwa majina ya watu tangu 1978, na Landauer na Bjork. Juu yake weka picha ya kijinga: Naima, Nairobi, Ticha katikati ya jiji na koti lake anachemsha tindikali, matatu zimesimama kumpisha. Au andika kiganjani. Hakuna aliyekufa kwa kuandika kiganjani. Na mkiona mtu amekwama, mtajieni jina haraka, lote, si mkia. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kadiri mtu anavyoachwa ahangaike na neno, ndivyo anavyozidi kukwama palepale siku nyingine. Ubongo hujifunza na kukwama pia.

Sasa turudi kwa mzushi. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana. Walioulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipopondana" walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa neno la upole, na baada ya wiki wengi zaidi kati yao walikumbuka vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Huyu shemeji hakusema "alipiga magoti." Aliingia kwenye grupu akauliza, "Mlimwona alivyopiga magoti?" Shangazi mmoja, aliyekuwa jikoni muda wote, sasa anaeleza mpaka goti lililotangulia. Jirani anakumbuka kanzu ikiingia vumbi. Vumbi lipi, juu ya mkeka?

Nimempigia bwana harusi aniwekee mambo sawa, maana yeye alikaa pembeni yangu na ana akili zake.

"Kaka, waache hao, wanakuza mambo," akaniambia. "Ulipiga goti moja tu."