"Mjomba, Mimi Nasomea Migongo"

Mpwa wangu anasomea kiropraktiki Durban, ile tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Alipokuja likizo hapa Kigoma alilalamika kwamba wamebandikwa somo la afya ya jamii. "Mjomba, mimi nasomea migongo. Vyoo na chanjo vinanihusu nini?"

Sikumjibu. Kesho yake alfajiri nikampeleka Kibirizi, maboti yanapopakia. Makuli walikuwa wakipita mbiombio juu ya ubao mwembamba, gunia la lumbesa begani, lile lililoshonewa nundu juu.

Lumbesa tunaisema kila mwaka kama wizi kwa mkulima, na kweli ni wizi. Mgongo wa anayeibeba hautajwi. Sheria ya vipimo inaishia kilo 100 kwa gunia. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 mwanamume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Yaani hata gunia halali linakaribia mizigo ya watu wawili. Nikamuuliza kijana: huyu ukimnyoosha leo, kesho asubuhi anakwenda wapi?

Ningekuwa mwalimu wao, wiki ya kwanza wasingeingia darasani. Wangehesabu magunia.

Kilichomnyamazisha zaidi ni kifua kikuu. Hakikai kifuani tu. Huingia hata kwenye pingili za mgongo, kikazila. Mgonjwa huja akisema mgongo unamuuma, kama kuli mwingine yeyote. Asiyemuuliza habari za homa za jioni, jasho la usiku na suruali inayopwaya ataibonyeza pingili iliyokwisha kuliwa, na mtu anaweza kupooza.

Na chanjo? D. D. Palmer, aliyeanzisha tiba hii Davenport, Marekani, mwaka 1895, alizipinga waziwazi. Mwanafunzi asipoambiwa aibu hiyo darasani ataikuta mitandaoni imevaa suti.

Swali la vyoo niliiachia Kagunga ilijibu. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walijazana katika kijiji kile cha ufukweni, kipindupindu kikalipuka. Siku kama ile mhudumu wa afya haulizwi alisomea kiungo gani.

Kwenye bajaji hakusema kitu. Usiku nikamkuta anauchora ule ubao wa Kibirizi kwenye daftari, akaniuliza fundi wa maboti angetaka shilingi ngapi kuupanua.