Wapimwe macho kwanza, umri peke yake hautoshi

Makala ninayoijibu hapa inapendekeza kwamba dereva akifikisha miaka 70 asipewe tena leseni. Naunga mkono kupimwa, ila sikubali mtu afungiwe kwa sababu ya umri peke yake. Uingereza dereva wa umri huo huhuisha leseni kila baada ya miaka 3 kwa kueleza mwenyewe hali ya afya yake, ilhali Japani mwenye miaka 75 au zaidi hupimwa kumbukumbu kwanza, na utaratibu huo wa Japani ndio ninaouona wa maana, kwani ni mzee gani atakayeandika kwa mkono wake kwamba haoni?

Baba yangu ana miaka 76 na bado hushuka na pikapu yake kutoka Marangu hadi Himo siku za soko. Mwaka jana, giza likiingia, alimkosakosa kijana wa bodaboda aliyetokea kushoto, akaapa kwamba hakumwona. Nilidhani ni ubishi wa uzee, kumbe ni presha ya macho, ugonjwa ambao kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni huku mtu akiendelea kusoma gazeti bila shida. Daktari alimkataza kuendesha usiku, akamruhusu mchana kwa sharti la kurudi kupimwa kila baada ya miezi 6. Leseni yenye masharti kama hayo ingemtosha, maana kumpandisha mzee bodaboda pamoja na mikungu miwili ya ndizi, kwenye utelezi wa masika, si kumlinda.