Kijani cha Mtakatifu Patrick: Mila au Biashara?

Kila ifikapo tarehe 17 Machi, Waayalandi na watu wengi wasio Waayalandi huvaa kijani kumkumbuka Mtakatifu Patrick, mmisionari wa karne ya 5 na msimamizi wa Ayalandi. Wakosoaji husema kwamba desturi hizo zimebuniwa Marekani kwa ajili ya biashara. Hoja hiyo ina uzito, ila haizigusi desturi zote kwa kiasi kimoja.

Ni kweli kwamba rangi rasmi ya mtakatifu huyo iliwahi kuwa buluu: Mfalme George III alipoanzisha daraja la heshima la Mtakatifu Patrick mwaka 1783, wanachama wake walivaa utepe wa buluu. Hata hivyo, kijani hakikuletwa na wachuuzi. Kilikuwa alama ya United Irishmen, wanamapinduzi wa Ayalandi walioinuka dhidi ya utawala wa Uingereza mwaka 1798, wakati ambapo utepe wa kijani kwenye kofia ulitosha kumfanya mtu ashukiwe kuwa mwasi. Kwa maoni yangu, rangi iliyovaliwa kwa kuhatarisha maisha ina haki zaidi ya kuitwa ya taifa kuliko ile iliyochaguliwa na mfalme. Tatizo lake ni kwamba Waprotestanti wengi wa kaskazini hawajioni ndani yake, na ndiyo maana bendera ya Ayalandi iliyotolewa hadharani mwaka 1848 iliweka rangi ya chungwa, ya Waprotestanti, kando ya kijani, na nyeupe katikati kama ishara ya amani.

Wala kuzaliwa Marekani hakutoshi kuifanya mila kuwa ya bandia. Maandamano ya New York yalianza mwaka 1762, kabla Marekani haijawa taifa, na kwa wahamiaji maskini waliodharauliwa katika karne ya 19, kuandamana barabarani kulikuwa njia ya kudai nafasi yao mjini. Hata kuupaka mto wa Chicago rangi, desturi iliyoanzishwa na mafundi bomba mwaka 1962 kwa rangi waliyokuwa wakiitumia kufuatilia majitaka, ni kazi ya wenyeji: unga wa rangi ya chungwa humwagwa kutoka kwenye boti, na ukigusa maji hugeuka kijani.

Ninapokubaliana na wakosoaji ni kwenye pombe. Kunywa kidogo siku hiyo ni jambo la zamani, kwa kuwa masharti ya Kwaresima yalilegezwa, lakini kwa miongo kadhaa, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, sheria ya Ayalandi yenyewe ilifunga baa siku hiyo, na watu walikwenda misani wakiwa wamebandika kifuani shamroki, jani dogo lenye sehemu tatu ambalo ni alama ya Ayalandi. Kampuni za bia zinazouza ulevi kama urithi wa Ayalandi zinawadhulumu Waayalandi, ambao kwa muda mrefu wamepigana na dhana kwamba wao ni taifa la walevi.