Nyusi yangu ya kushoto iliondoka hivi

Jamani msicheke sana. Mimi nafanya kwenye kamaabara kamoja hapa Mwanza, tunahariri jeni za minyoo, sio hii ya tumboni, hawa wanaitwa C. elegans, wana urefu wa milimita 1 na hawana ugomvi na mtu, wanakula zao bakteria kwenye sahani basi. Mimi nilipewa jeni ya ben-1, ukiiharibu mnyoo anakuwa sugu, albendazo, ile dawa ya minyoo, haimfanyi kitu.

Sasa CRISPR yenyewe, yaani ule mkasi wa kukatia jeni, unaichoma kwa sindano ya kioo ndani ya kizazi cha mnyoo, ili watoto ndo wazaliwe na mabadiliko. Unamlaza kwenye tone la mafuta juu ya agarosi kavu (jeli ya maabara iliyokaushwa) ananata, hapo una dakika chache tu kabla hajakauka akafa. Kumlaza kunataka kitu laini chenye ncha, na wataalamu wa minyoo wanatumia, naapa, unywele wa nyusi. Wa kwako. Unaugundisha kwenye kijiti cha meno.

Dokta akasema ng'oa mmoja. Wa kwanza nikaupiga chafya sikuuona tena, wa pili ukazama kwenye gundi, wa tatu nikaukalia (usiniulize), na kila nikikosea mkono unaenda kushoto kulekule, mpaka jioni nimechoma minyoo 20 na upande mmoja peupe kama jiwe la ziwani. Kwenye daladala ya Kirumba konda akaniuliza, "Bro, hiyo nyusi umeweka bondi?"

Nyumbani mama alikuwa anachambua dagaa, ungo ukamdondoka.

"Nani kakunyoa?"

"Shikamoo mama. Hamna, ni minyoo tu."

Hata marahaba sikupewa. Akatoka na ndala, duka la dawa, karudi na kidonge cha miligramu 400 kasimama mbele yangu mpaka nimetafuna, na majirani wote wameshaambiwa minyoo ya mtoto wake imepanda mpaka usoni.

Wiki kadhaa baadaye nyusi zimeanza kuota, naweka minyoo yangu kwenye sahani yenye albendazo, nachungulia hadubini, wenzao wamelegea kama uzi, wangu wanateleza freshi kabisa! Kwa furaha nikapiga simu nyumbani, "Mama! Wamekuwa sugu! Dawa hawaisikii kabisa!"

Kimya. Halafu nikasikia anavaa ndala.

"Nilijua tu kimoja hakitoshi. Kaa hapohapo mwanangu, nakuja."