Mwanachama Mwaminifu Kuliko Wote

Mkuu wa maktaba aliniita akasema ana kazi ndogo tu. Nilipaswa kukimbia pale pale. Alitaka kujua kila mwanachama amedumu nasi kwa muda gani, tangu siku aliyoazima kitabu cha kwanza hadi siku ya kitabu cha mwisho. Atakayeongoza atapewa cheti.

Nikaona mteremko. Faili letu lina mstari mmoja kwa kila kitabu kilichoazimwa, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na mistari mia mbili. Kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, unakusanya mistari kimakundi kwa namba ya kadi, unachukua tarehe ya mapema kabisa na ya mwisho kabisa katika kila kundi, unatoa, umemaliza. Wastani ukatoka: 63,072,000. Sikuutazama mara mbili. Nikaupeleka.

Mkuu akavua miwani. "Hizi ni nini?"

"Siku, mkuu."

Akavuta kikokotoo, akabonyeza taratibu kama mtu anayehesabu deni la mwenzake. "Miaka 172,800. Kijana, hawa watu walikuwa wanaazima nini, na maandishi yenyewe yalikuwa hayajabuniwa?"

Nilirudi mezani nimenywea. Kumbe SPSS haihesabu tarehe kwa siku. Inahesabu sekunde, tena tangu Oktoba 1582, mwezi ilipoanza kalenda ya Gregori. Ukitoa tarehe kwa tarehe unapata sekunde, na siku moja ina sekunde 86,400. Nikagawanya, wastani ukashuka hadi siku 730. Miaka miwili. Hapo hata mimi nikapumua.

Kisha nikapanga orodha kuanzia aliyedumu zaidi, na juu kabisa akakaa shujaa wetu: kitabu cha kwanza tarehe 5 Januari 2009, cha mwisho tarehe 21 Desemba 2023. Siku 5,463! Nikaambatanisha na vitabu alivyosoma, maana safari hii nilitaka kupongezwa.

Mkuu aliguswa kweli. "Tazama upeo wa mtu huyu," akasema. "Sheria, ufundi wa magari, malezi ya mapacha, alfabeti kwa watoto, tena sheria. Na siku moja ameazima vitabu kumi na tisa!" Akaagiza cheti chenye nakshi za dhahabu, akaandaa na hotuba kuhusu kiu ya elimu. Mimi nilikuwa natikisa kichwa tu, nikikubali kila neno.

Siku ya kikao, cheti kikiwa mezani na wino tayari, akaniuliza jina.

Nikafungua faili nisome namba ya kadi, nitafute jina kwenye daftari la wanachama. Kisanduku kilikuwa kitupu. Nikafikiri skrini imechafuka, nikaifuta kwa mkono wa shati. Bado kitupu.

Kutoka nyuma ya chumba, mama wa kaunta, aliyekuwepo kazini kabla yetu sote, akaanza kucheka hadi akashika kiti. "Jamani! Mtu akija amesahau kadi, mimi namwandikia kitabu, ile namba naiacha wazi. Ningefanyaje, nimfukuze?"

Basi ndiyo hivyo. Miaka karibu kumi na mitano ya wasahaulifu, wote wamerundikwa katika kundi moja, kwa sababu kwa programu utupu nao ni kundi kama makundi mengine. Ingetosha kuichuja mistari isiyo na namba kabla ya kuanza. Mstari mmoja wa amri!

Mkuu alikunja hotuba yake mara nne, akaitia mfukoni.

"Hicho cheti nipeni mimi," mama wa kaunta akasema. "Hao wote nimewahudumia kwa mikono hii."

Akapewa. Amekitundika juu ya kaunta, na mahali pa jina bado pana vile vidoti. Kila anayesahau kadi humwonyesha kwa kidole: "Weka sahihi yako pale, ndugu, ni chako."