Mshahara mnene, akaunti tupu: tatizo ni saini, sio kahawa

Ikiibuka tu stori ya watu wenye mishahara mikubwa wanaoishia kukopa katikati ya mwezi, majibu ni yale yale. Hawana nidhamu, wanakula bata, wanapenda sifa, kila asubuhi lazima kahawa ya bei mbaya. Mi naona tunawasingizia. Wapo wanaotapanya kweli na hao siwatetei, ila wengi ninaowajua wa aina hii sio watu wa starehe hata kidogo. Ni watu makini, wana bajeti kwenye Excel, saa kumi na moja alfajiri wako macho, wikiendi wako na watoto, na bado tarehe 18 wanahesabu siku za mshahara kama kila mtu.

Kinachowamaliza ni saini. Yaani yale maamuzi makubwa matano sita waliyoyafanya kwa nyakati tofauti, kila moja lilikuwa na akili kabisa siku ile linafanyika, ila sasa yanajikata yenyewe kila mwezi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tupige hesabu. Tuseme hela inayoingia mkononi baada ya kodi na michango ya lazima ni 100, weka hela ya nchi yoyote unayotaka maana hesabu haibadiliki. Mkopo wa nyumba 36. Mkopo wa gari 16. Ada za watoto ukizigawa kwa miezi ni 17. Bima 6. Halafu kuna mkopo binafsi wa 9 uliochukuliwa kumalizia ile nyumba, maana nyumba haijawahi kuisha kwa bajeti yake. Jumla 84. Imebaki 16, na hapo hujala, hujaweka mafuta, hujalipa umeme wala maji wala intaneti, hakuna aliyeumwa, na hakuna ndugu aliyepiga simu akianza na "samahani sana najua mambo ni mengi". Sasa huyu mtu ndio anakuja mshauri kumwambia apunguze kahawa. Akiacha kahawa, akiacha na kwenda saluni, akafuta vile vifurushi vya kuangalia muvi, ataokoa labda 2. Mbili! Kwenye 84 hajagusa hata senti.

Chukua mtu mwingine anayepata nusu yake, 50, na mambo yake ya lazima ni 25. Huyu wa nusu ana 25 za kuamua afanye nini, na yule wa 100 ana 16. Sisemi wa 50 ana raha, maisha ya kipato kidogo yana tabu zake na akiyumba kidogo hana pa kushika. Nasema tu kwamba ukitaka kujua nani anapumua usiangalie mshahara, angalia kinachobaki ambacho hakijaahidiwa mtu.

Na hizo saini hazikutokea hewani. Ukienda kukopa, afisa mikopo hakuulizi unataka maisha ya namna gani, anataka slipu ya mshahara. Ile slipu ndio inaamua ukubwa wa mkopo. Marekani kuna kanuni ya zamani ya wakopeshaji wa nyumba inayoitwa 28/36, maana yake gharama za nyumba zisizidi asilimia 28 ya mapato na madeni yote kwa pamoja yasizidi asilimia 36. Kwa masikio inasikika kama kitu cha tahadhari sana, lakini hiyo asilimia inapigwa kwenye mapato kabla ya kodi. Kwa hiyo kama kodi na michango vinakula 30 kwenye kila 100, ile 36 inatoka kwenye 70 yako, na 36 kwenye 70 ni zaidi ya nusu ya hela unayoishika kweli. Na bado ada haimo humo, bado chakula hakimo. Kikomo kile kimewekwa ili mkopeshaji alale usingizi, wewe kulala kwako halikuwa swali kwenye ile fomu. Ila mtu akiambiwa "unastahili mpaka kiasi hiki" anasikia kama amepewa cheti cha afya.

Afu kwa sababu kikomo ni asilimia, mshahara ukipanda na kikomo kinapanda, na hapo ndipo simu zinaanza kupigwa. "Mteja wetu wa thamani, una nafasi ya kuongeza mkopo." Mtu wa kipato kidogo anakataliwa mkopo na kwa namna fulani kukataliwa kule kunamlinda, mwenye kipato kikubwa hakataliwi na mtu, kila mlango uko wazi, kwa hiyo breki inabidi atoe mwenyewe kichwani mwake wakati kila anayemzunguka anamwambia unaweza bwana, mshahara wako unaruhusu.

Nyongeza ya mshahara nayo ina mtego wake. Umeambiwa umeongezwa 20. Kichwani ile 20 imeshakaa. Lakini nchi nyingi kodi ya mapato inapanda kwa ngazi, hela ya juu kabisa ndio inakatwa asilimia kubwa kuliko zote, kwa hiyo kama ngazi yako ni 35 basi kwenye ile 20 unaona 13. Na mtu kashaenda kutazama nyumba kwa akili ya 20, kasaini rejesho la 15, kwa hiyo amepandishwa cheo na papo hapo kawa na upungufu wa 2 kila mwezi. Halafu anashangaa mbona mambo yalikuwa nafuu kabla ya cheo, na watu wa nje wanamuona mlevi wa hela kumbe kapigwa na kutoa na kujumlisha.

Mchumi mmoja wa Marekani, James Duesenberry, aliandika mwaka 1949 kwamba matumizi ya watu yanafuata mapato yakipanda, ila mapato yakishuka matumizi hayarudi chini kirahisi namna ile, na kwamba watu wanapima maisha yao kwa kuangalia waliowazunguka. Watu wakisoma hapo wanaona ni hadithi ya wivu na majirani. Mi nasoma kitu kingine humo. Ukihama kwenda mtaa wa watu wa kipato chako hujanunua nyumba tu, umenunua na shule ambayo watoto wote wa pale wanasoma, na mlinzi, na gari kwa sababu usafiri wa umma hauji huko, na birthday za watoto ambazo huwezi kwenda mikono mitupu. Saini moja imezaa nyingine nne, na hakuna hata moja kati ya hizo unayoweza kuipunguza kidogo. Chakula unaweza kupunguza nusu kilo. Ada huwezi kulipa robo tatu. Mtoto yuko darasa la tano, ana marafiki, mwalimu anamjua, utamtoa katikati ya mwaka kwa sababu gani utakayomweleza akaelewa?

Kuna kitu kingine kinachowakera watu nikikisema, kwamba wengi wa hawa sio masikini kabisa. Mwaka 2014 Greg Kaplan, Giovanni Violante na Justin Weidner walitoa utafiti wao kuhusu kaya zinazoishi mshahara hadi mshahara huko Marekani, Kanada, Australia, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Italia na Hispania, wakakuta nyingi ya kaya hizo zina mali. Zina nyumba, zina mafao ya uzeeni, ila hela ya kushika hamna. Ukimjumlishia mtu huyu mali zake zote unampigia saluti. Gari likizima barabarani anakopa kwenye kadi ya benki kwa riba ya kuua, wakati anamiliki ukuta wa thamani ya gari kumi. Huwezi kumega sebule ukampelekea fundi. Na kuna mantiki ndani yake, nyumba inaweza kupanda thamani na hela ya kwenye akaunti inaliwa na mfumuko wa bei, kwa hiyo mtu anajiambia naweka hela mahali pa maana. Sawa. Ila anaweka YOTE mahali pa maana, na dharura huwa haikusubiri utafute mnunuzi.

Anayesema dawa ni kulipwa zaidi aangalie wachezaji wa NFL, ile ligi ya futiboli ya Kimarekani inayolipa mamilioni. Utafiti wa mwaka 2015 ulifuatilia waliostaafu ukakuta karibu asilimia 16 walikuwa wametangaza kufilisika ndani ya miaka 12 tangu waache kucheza, na kilichonishtua zaidi ni kwamba aliyelipwa sana au aliyecheza miaka mingi hakuwa na kinga ya maana kuliko wenzake. Hizo ni hela ambazo mimi na wewe hatutazishika.

Ila yote hayo ni hesabu tu, na hesabu mtu anaweza kuishi nayo. Kinachoniuma mimi ni kile ambacho mtu anapoteza kazini. Nilimuuliza jamaa yangu mmoja, mtu mwenye cheo cha kuheshimika na mshahara ambao ukiutaja mbele za watu wanakaa kimya, "kaka, wakikuachisha leo unakaa miezi mingapi?" Akacheka. "Miezi? We niulize wiki." Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea, kwamba kuna mkubwa wake ofisini anayemdhalilisha kwenye vikao, anamkatiza, anampa ripoti ya kuandika ijumaa jioni aitake jumamosi, na yeye hajibu kitu. Sio kwamba hana ujasiri, huyu mtu namjua ni mkorofi tangu zamani. Ni kwamba kila akitaka kufungua mdomo anaiona tarehe ya rejesho. Na alipopata nafasi kwenye kampuni nyingine ndogo, kazi nzuri zaidi, watu wastaarabu, mshahara pungufu kwa asilimia 15 tu, alikataa, kwa sababu naye hesabu yake ni kama ile ya juu, na ile 15 ilikuwa karibu sawasawa na 16 aliyokuwa anaishi nayo.

Sasa huyo mshahara unamfaidisha nini? Tunadhani hela nyingi zinampa mtu uhuru wa kusema hapana, na hapa mwenye hela nyingi ndio asiyeweza kusema hapana kwa mtu yeyote, si kwa bosi, si kwa benki, si kwa shule. Yule wa 50 akichoka anaweza kuondoka akatafuta 50 nyingine kwingine. 100 za kuajiriwa hazipatikani kila kona, nafasi za juu ni chache na wanaozitaka ni wengi, kwa hiyo anayehitaji 100 kamili kila mwezi bila kukosa kafungwa pale pale alipo.

Na msinidanganye kwamba mke na mume wote wakifanya kazi tatizo linaisha. Elizabeth Warren, kabla hajawa seneta, alieleza pamoja na binti yake mwaka 2003 kwamba familia zenye mishahara miwili huko Marekani zilikuwa hatarini zaidi, kwa sababu mishahara yote miwili ilishaingizwa kwenye nyumba na mambo ya lazima. Zamani baba akipoteza kazi mama aliweza kutafuta kitu, kulikuwa na mtu wa akiba. Wote wakiwa tayari uwanjani na hela zote zimeahidiwa, nafasi ya mmoja wao kupoteza kazi inakuwa mara mbili na hakuna wa kuingia.

Ushauri wangu hauhusu kahawa. Unahusu siku ya nyongeza. Wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walichapisha mwaka 2004 matokeo ya mpango ambao wafanyakazi walikubali mapema kwamba nyongeza zao zijazo, kabla hazijaingia, sehemu yake iende akiba moja kwa moja. Waliojiunga walitoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40. Hakuna aliyebana kitu, maana ile hela hawakuwahi kuishika. Mi naipenda kwa sababu inatumia ujanja ule ule wa benki, unasaini mara moja halafu inajikata, ila safari hii inaenda kwako.

Yule ambaye keshafika 84 hilo halimsaidii leo, na sitamdanganya kwamba kuna njia ya mkato isiyouma. Anaweza kuuza kitu, na kuuza kunatia aibu hasa kwenye mitaa ile. Au asubiri, ila asubiri kwa macho. Aitafute kwenye makaratasi tarehe ya rejesho la mwisho la gari, aiandike mahali, na mwezi unaofuata ile 16 ya gari aiamrishe iende akaunti ya akiba siku hiyo hiyo mshahara unapoingia. Watampigia simu, hilo ni uhakika, tena watakuwa wapole sana, watamwambia amestahili gari jipya zaidi. Na lile la zamani wakati huo litakuwa bado linawaka vizuri tu.