Kifurushi Kiliishia Uwanja wa Ndege

Daktari wa zamu aliniuliza swali ambalo nilipaswa kuwa na jibu lake: "Dada, wamekata nini, na wamebakiza nini?"

Ilikuwa saa nane usiku, siku ya 12 tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo ili nipungue uzito, kule Istanbul. Nilikuwa nimelazwa kitengo cha dharura hapa Dar es Salaam, moyo unakwenda mbio, midomo imekauka, nikijaribu kuketi naona giza. Nilimpa karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma. Yote ilikuwa Kituruki. Mdogo wangu alimwandikia mratibu wa safari aliyenihudumia kule. Jibu lilikuja asubuhi, dripu ya pili ikiwa inaelekea kuisha: ninywe maji, nipumzike, ni hali ya kawaida.

Haikuwa hali ya kawaida. Nitaeleza ilivyokuwa, maana kila wiki napigiwa simu na mwanamke anayetaka kujua bei, hoteli na habari za viza, na bado sijapata aliyeniuliza nani alinihudumia baada ya kurudi.

Nianze na haki ya walionipasua. Sina lawama na mikono yao. Nilikwenda na kilo 113 kwa urefu wa mita 1.62, yaani BMI, kipimo cha uzito kulingana na urefu, ya 43, na presha niliyoanza kuimezea dawa nikiwa na miaka 34. Magoti yalikuwa yamegoma kupanda ngazi. Vyama vya kimataifa vya wapasuaji wa unene vilipitisha mwaka 2022 kwamba upasuaji unafaa kuanzia BMI ya 35 hata kama mtu hana ugonjwa mwingine, kwa hiyo sikuwa nakimbilia urembo. Walinitoboa matundu matano madogo, wakaondoa karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo, ukabaki mwembamba kama ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, na kweli nilipozinduka njaa ilikuwa imekwenda zake.

Kifurushi kilikuwa cha siku 6: kupokelewa uwanjani, hoteli, vipimo, upasuaji, siku tatu wodini, mkalimani, kurudishwa uwanjani. Siku ya sita nilikuwa kwenye ndege, zaidi ya saa saba angani, nimevaa soksi za kubana na nimejidunga sindano ya kuzuia damu kuganda. Nilikuwa nikisimama kila saa na kutembea hadi nyuma ya ndege na kurudi, nimeshika tumbo. Nilidhani hapo kazi ngumu imekwisha.

Sasa najua hesabu yenyewe ilivyo. Mshono wa tumbo unaweza kuvuja siku kadhaa au wiki kadhaa baada ya mtu kutoka hospitali. Damu inayoganda miguuni na kupanda mapafuni mara nyingi hutokea mgonjwa akiwa tayari yuko kwake. Kwa hiyo siku ambazo mtu anahitaji kuwa karibu na anayelijua tumbo lake ni zile zile ambazo kifurushi kimeshafungwa. Waliouza hawakunidanganya, waliuza walichosema wanauza. Mimi ndiye niliyeamini nimenunua matibabu yote, kumbe nilikuwa nimenunua wiki ya kwanza tu.

Nyumbani kulikuwa na jambo jingine, na hili ni langu mwenyewe: nilificha. Kazini niliaga kwamba naenda likizo. Mama nilimwambia namtembelea rafiki. Niliogopa kuitwa mvivu wa mazoezi, niliogopa ile kauli ya "amekwenda kukatwa utumbo" inayosemwa kama vile mtu ameiba. Basi nikarudi nimenyong'onyea, na watu wa kwetu wakafanya wanachofanya kwa upendo wote: wakaja na chakula. Siku ya tisa mama mdogo alileta mtori. Alikuwa ameupika tangu alfajiri, nyama imeiva hadi inayeyuka, akakaa ukingoni mwa kitanda na kijiko mkononi. "Kula mwanangu upate nguvu."

Nilitakiwa kuwa kwenye vimiminika vyepesi kwa wiki mbili, halafu vilivyosagwa laini, halafu vyakula laini, na chakula cha kawaida kingesubiri hadi karibu mwezi wa pili. Nililijua hilo. Lakini ningemwambia nini bila kuitoa siri? Nilimeza vijiko vitatu. Nilitapika usiku kucha, na tangu hapo hata maji yakawa yananichefua. Siku tatu nilizoishi kwa kulowesha ulimi, niliendelea kumeza dawa ya presha kwa dozi ile ile ya kilo 113, na ndani yake mna dawa ya kuongeza mkojo. Nilikuwa najikamua mwenyewe kila asubuhi. Kule waliniuliza natumia dawa gani, wakaandika, basi. Nilihitaji mtu wa kunipima wiki ya kwanza nyumbani na kupunguza dozi, na sikuwa nimemtafuta.

Usiku ule walinipiga picha ya CT kutafuta kama mshono unavuja. Haukuwa unavuja. Asubuhi alikuja daktari bingwa wa upasuaji, mtu mpole asiye na haraka, akakagua faili na kufanya mambo mawili ambayo hadi leo namshukuru. Alifuta sindano ya diklofenaki iliyokuwa imeandikwa kwa ajili ya maumivu, akasema tumbo lililokatwa halitaki kabisa dawa za jamii hiyo kwa sababu huleta vidonda. Kisha akaagiza nipewe vitamini B1 kabla ya kuendelea na dripu yoyote ya glukosi. Alinieleza kwamba mtu aliyetapika kwa siku nyingi akimwagiwa sukari kwenye mishipa huku B1 imemwishia, anaweza kuumia ubongo. Nilifikiria zahanati ngapi mitaani kwetu mgonjwa akiingia amelegea kitu cha kwanza ni glukosi, na dawa ya maumivu ya kwanza ni diklofenaki. Nao hawana kosa, ikiwa mgonjwa mwenyewe haelezi alichofanyiwa.

Kuna anayeniambia hatari hizi ni za bahati mbaya. Serikali ya Uingereza imeandika katika ushauri wake kwa wasafiri kwamba mwaka 2023 raia wake 6 walifariki baada ya kufanyiwa matibabu Uturuki. Na Mwingereza akirudi kwao ana mfumo wa kumpokea: mwongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, unataka aliyefanyiwa upasuaji huu kwao afuatiliwe na kliniki maalumu kwa angalau miaka 2. Linganisha miaka 2 na siku 6. Sisi tunaokwenda kutoka Dar, Nairobi au Kampala tunapanda ndege ile ile tukiwa na pengo kubwa zaidi la kurudia, halafu ndio tunaojipanga kidogo zaidi.

Siwaambii watu wasiende. Uzito ule ulikuwa unaniua taratibu. Ninachokataa ni mpangilio wa mambo: watu wanatafuta mpasuaji, kisha tiketi, kisha hoteli, na daktari wa nyumbani wanamtafuta wakiwa kwenye machela. Mimi ningeanza naye. Ningemwendea miezi miwili kabla, na vipimo vyangu, na jina la upasuaji, na kumwuliza waziwazi: nikirudi, utanipokea? Madaktari wanaoujua mwili wa namna hii wapo hapa; Hospitali ya Mloganzila, kwa mfano, wamekuwa wakiwawekea watu puto tumboni kwa ajili ya kupunguza uzito. Ningekataa kuondoka Istanbul bila ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza, yenye maelezo ya kilichokatwa na dawa nilizopewa. Na ningeongeza siku za kukaa kule kwa fedha yangu, hata kwa kupunguza hoteli hadi ya kawaida.

Na ningewaambia wa nyumbani. Nilipotoka hospitali nilimwita mama na mama mdogo, nikawaonyesha matundu. Mama mdogo alilia, akaniuliza kwa nini nilimwacha anilishe. Kisha akauliza ninaruhusiwa nini, na kuanzia siku ile ndiye aliyekuwa mlinzi wangu. Alinitafutia kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, kikawa kipimo changu cha kila kitu: kikombe kimoja cha supu iliyochujwa, baada ya muda kikombe kimoja cha mtindi, baadaye maharage aliyosaga na kuchuja mwenyewe, yai laini, samaki aliyemchambua miiba. Maji kwa funda, mchana kutwa, na kamwe si pamoja na chakula. Daktari alitaka gramu 60 za protini kwa siku, na si rahisi kuzipata kwa kikombe kile. Bila mama mdogo nisingezifikia.

Mengine nayapitia haraka. Mwezi wa nne nywele zilikatika hadi nikaacha kusuka, zilirudi. Mtaani walisema nimekanyaga waya, yaani nina UKIMWI, maana kwetu anayekonda ghafla hutafutiwa ugonjwa huo kwanza, na hilo liliniuma kuliko kidonda. Vitamini nameza kila siku na nitameza maisha yangu yote, na damu yangu inapimwa chuma na B12. Kwa dada zangu niongeze hili ambalo kwenye kifurushi sikulisikia: uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi ghafla, hata kwa aliyekata tamaa, na madaktari wanashauri kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba. Zungumzeni na kliniki ya uzazi wa mpango mapema.

Leo ni mwezi wa 14. Nina kilo 76, na dawa ya presha imebaki nusu kidonge. Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini alinifuata chumba cha chai, akafunga mlango, akaniambia ameshalipa malipo ya awali na anaondoka mwezi ujao. Ameniomba nisimwambie mtu. Nilimwuliza daktari wake wa hapa ni nani. Alinyamaza. Jumatatu tunakwenda pamoja kumwona yule daktari bingwa, na nimemwomba aje na mumewe.